Kompyuta ya Tarbaj Iliyokataa Viraka

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, huwajibu kwamba nashona viraka. Wengine hucheka, wakidhani nina cherehani mahali fulani sokoni Garissa. Waache wacheke. Kazi yangu ni kuhakikisha kompyuta za ofisi za mifugo za shirika letu, kuanzia hapa Garissa hadi Wajir, Tarbaj, Diff na Mandera, hazikai na matundu. Zote zinatumia Linux, na Linux, kama programu nyingine yoyote, ina matundu. Kila mara mtu fulani duniani hugundua moja, wenzake wakatengeneza kiraka cha kuliziba, na kuanzia hapo ni mbio kati yangu na wezi. Kuna ofisi moja jirani yetu iliyopuuza viraka mpaka ikafungiwa mafaili yake yote na watu isiowajua. Sikuwahurumia. Nilikuwa nimewaonya, wakaniambia niache kutisha watu.

Ni kazi isiyo na shukrani, na mimi si mtu wa subira. Ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, na wakubwa hawampongezi mtu kwa sababu hakuna kilichotokea.

Intaneti ya huku kwetu haitoshi kila ofisi ijivutie viraka vyake kutoka ng'ambo. Kwa hiyo niliweka seva moja Garissa, katika chumba kilichokuwa stoo, na hiyo ndiyo inayovuta mzigo kwa niaba ya wote. Kila alfajiri seva hufunga mzigo wa siku na kuupiga muhuri unaoonyesha tarehe na saa. Asubuhi karani wa kila kituo akiwasha kompyuta yake, kompyuta huuliza Garissa kama kuna kipya, huchukua, hujishona yenyewe, kisha hunitumia taarifa kwamba iko tayari. Karani hahitaji kugusa kitu. Nilipanga hivyo makusudi, kwa sababu mtu akipewa nafasi ya kugusa, atagusa.

Mandera ilikuwa ikitii. Diff, kule mpakani, ambako mtandao hukatika ovyo, ilikuwa ikitii. Tarbaj ikakataa. Kila asubuhi ilinisalimia, ikaniambia iko hai, na viraka ikaviacha palepale.

Hapa lazima nimtaje bosi wangu, ingawa sipendi. Ni binamu ya mama yangu, kwa hiyo hata ofisini namwita abti, kama sisi Wasomali tunavyomwita mjomba. Neno hilo limeniponza. Huwezi kumwita mtu abti kisha ukamwambia hajui anachosema. Alipopewa ofisi, kitu cha kwanza alichodai ni paswadi kuu, ile inayofungua kila kitu katika kila mashine. Nilimuuliza ya nini. Akasema mwenye nyumba hawezi kukosa ufunguo wa nyumba yake. Nairobi wakaniamuru nimpe. Tangu siku hiyo paswadi ile tuko nayo watu wawili tu, mimi na yeye, na mmoja wetu akiona kitufe asichokijua hukibonyeza ili ajue.

Kisha Nairobi wakatoa amri nyingine: kituo chochote kitakachofika mwisho wa mwezi bila viraka kitakatwa kwenye mtandao. Sikuipinga. Kwa kweli niliipenda, maana mashine moja yenye tundu ni mlango wa kuingilia zote. Bosi ndiye aliyeongeza lake.

"Kituo kilichokatwa hakihitaji karani," alisema. "Yule mama wa Tarbaj mkataba wake unaisha mwezi huu huu. Hatuuongezi. Anazima mashine mapema, ni uvivu tu. Hao watu wa huko nawajua."

Yule mama ni Mborana, mjane, na watoto wake wako shule ya bweni Wajir kwa mshahara ule ule. Bosi alilijua hilo. Nilikuwa nimempigia yule mama simu mara nyingi, na ninakiri kwamba sikuwa na adabu.

"Unaizima kabla haijamaliza?"

"Siizimi, dada."

"Unachomoa waya?"

"Waya sijaugusa. Na usinipigie kelele. Wewe ndiye fundi, njoo uone mwenyewe."

Nilitamani kuingia kwenye mashine ile nikiwa Garissa, lakini Nairobi walikuwa wameufunga mlango huo kwa sababu za usalama. Kituo kinaweza kuja kwangu kuchukua mzigo na maagizo, mimi siwezi kwenda kwake. Basi nikaomba gari. Bosi alikubali kwa shingo upande, akaniambia nikirudi nimletee sababu ya kumwachisha kazi yule mama. Nilimwambia sawa, abti. Njia nzima, kupitia Modogashe na vumbi lake, na kusubiri polisi wa kutusindikiza, nilikuwa na hasira na watu wote wawili, na sikujua ni yupi angepata kubwa zaidi.

Nilifika kituoni asubuhi yule mama akifungua dirisha. Ni chumba kimoja cha mawe, na paneli ya sola juu ya bati. Nje kulikuwa na wazee na wanawake wakisubiri kuandikisha mbuzi wao wa chanjo. Hakunipa chai. Huku kwetu mgeni aliyesafiri asipopewa chai ametukanwa, na nililielewa tusi langu. Nikavuta kiti, nikaketi mbele ya kompyuta bila kuuliza.

Niliiona papo hapo, kwenye kona ya juu ya kioo.

"Saa ya mashine imeharibika," nilisema.

"Haijaharibika. Sasa hivi ni saa ngapi?"

Nikatazama simu yangu. "Saa mbili."

"Na hapo imeandikwa nini?"

Ilikuwa imeandikwa mbili, sifuri sifuri na ushee.

"Basi," alisema, akaendelea kuandikisha mbuzi.

Kila mtu anayesoma Kiswahili ameshaona kilichotokea. Asubuhi sisi tukisema saa mbili, kompyuta husema nane. Tofauti hiyo ya saa sita tumezaliwa nayo, tunaibeba kichwani bila kufikiri, Wasomali na Waborana na Waswahili. Hatumwelezi mtu, na hatuielezi kompyuta. Lakini hapa mtu alikuwa ameamua kuielewesha kompyuta kwa nguvu. Alizima mpango unaoifanya ijisahihishe saa kupitia mtandao, akairudisha nyuma kwa mkono mpaka ikasema kama watu wanavyosema.

Nilifungua dirisha la amri kwenye kompyuta nikaiomba ichukue viraka, ili nisikie kwa kinywa chake. Ikanijibu kwamba mzigo wa Garissa umepigwa muhuri wa saa ambayo bado haijafika, kwa hiyo haiwezi kuuamini. Ilikuwa na haki. Kwa hesabu yake ilikuwa usiku wa manane, na mzigo ulidai umefungwa alfajiri inayokuja. Mzigo unaotoka kesho ni mzigo wa mwizi. Kila asubuhi iliamka, ikatazama muhuri, ikakataa, na kwa kuwa huuliza mara moja tu, inapowashwa, haikuuliza tena mpaka kazi ikaisha na yule mama akaizima, kama alivyoelekezwa. Na rekodi zake zilikuwa zikifika Nairobi zikisema kwamba watu wa Tarbaj huandikisha mbuzi gizani kabla ya adhana. Hakuna mtu Nairobi aliyeshangaa.

"Nani aliyefanya hivi?" niliuliza, ingawa paswadi ile tuko nayo wawili na mimi sikuwa nimewahi kufika pale.

"Bosi wako."

Akanieleza bila kunitazama. Programu ya chanjo hupanga miadi yenyewe. Ukiandikisha mbuzi leo asubuhi, inakupa kesho wakati ule ule, inakuchapia kikaratasi. Kikaratasi kilikuwa kikisema 09:00. Mwenye mbuzi anakwenda nacho nyumbani, mtoto aliyesoma anamsomea tisa, na kesho yake anakuja na mbuzi wake saa tisa alasiri, wakati daktari wa mifugo ameshaondoka tangu adhuhuri. Mbuzi wasio na chanjo hawapakiwi kwenye lori la Garissa. Yule mama alikuwa akiwaambia watu kwa mdomo, lakini anayekuja kuandikisha siye anayeleta mbuzi. Kuandika kwa kalamu juu ya kikaratasi alikatazwa, kwa sababu kikaratasi hicho hicho, daktari akishakipiga muhuri, ndicho cheti cha mbuzi njiani, na chenye wino wa mkono kinakataliwa kwenye kizuizi cha barabarani. Walimtukana kila siku pale dirishani. Siku moja bosi alikuja kutembea, akakuta zogo, akaketi kwenye kiti nilichokuwa nimekikalia, akaingiza paswadi yake na kumaliza zogo lote kwa dakika chache. Kuanzia hapo vikaratasi vikasema 03:00, na watu wakaja saa tatu.

"Na wewe hukuniambia?"

"Uliniuliza waya. Uliniuliza kama naizima. Saa hukuniuliza."

Kama angekuwa mdogo wangu ningemjibu. Kilichoniuma zaidi si yeye. Mtu aliyeivuruga mashine ndiye aliyekuwa anataka kumfukuza karani kwa sababu mashine imevurugika, na alilala usingizi vizuri kabisa kwa sababu alikuwa ameshasahau. Nilimchukia bosi siku ile kwa moyo wote, abti au si abti.

Ningeirudisha saa kama zamani, viraka vingeingia, na matusi yangerudi dirishani. Ningeiacha, kituo kingekatwa na mama angekosa kazi. Nilikaa pale nimekunja uso, watu nje wakilalamika kwamba nimeziba dirisha. Kisha nikakumbuka kwamba kompyuta ya Linux ina saa mbili. Moja iko ndani, ni ile ya dunia nzima, ndiyo inayotumika kukagua mihuri. Ya pili ni ya kuonyesha watu tu, na hufuata mji wowote utakaoiambia kwamba imo. Ya ndani lazima iwe kweli. Ya kuonyesha, unaweza kuihamisha upendavyo. Nilichohitaji ni mji ambao saa zake ziko nyuma ya Nairobi kwa sita kamili.

Nikautafuta kwenye orodha. Buenos Aires, Argentina.

Niliisahihisha saa ya ndani, nikarudisha mpango wa kujisahihisha, nikaiambia kompyuta kwamba Tarbaj iko Argentina. Kwenye kona ikasema tatu na dakika zake, sawasawa na wazee wa nje. Nikaomba viraka. Safari hii ikautazama muhuri wa Garissa na kuukubali, na mzigo wa muda wote ule ukaanza kuteremka mstari kwa mstari. Sola ilitosha kwa shida. Ilipomaliza ikajizima, ikajiwasha, ikanitumia taarifa yake Garissa. Yule mama akachapa kikaratasi cha kwanza, akakisoma, akanipa nikisome. Halafu akatoka nje akarudi na birika la chai ya maziwa ya ngamia, akaliweka mbele yangu. Nilikunywa mpaka tone la mwisho.

Furaha yangu haikudumu. Nilikuwa sijamaliza kufuta vumbi Garissa bosi akaniita ofisini kwake. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, na kijana wa usalama wa mtandao wa Nairobi alikuwa upande wa pili.

"Tumevamiwa," kijana alisema. "Kuna msee ako Argentina anatumia mashine yenu ya Tarbaj. Nataka kuikata saa hii."

Bosi alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemkaribisha huyo Muargentina. Nikaeleza. Nilieleza polepole, kwa sababu nilikuwa nimekasirika na sikutaka sauti ipande. Nilieleza saa ya ndani na saa ya kuonyesha, vikaratasi, mbuzi, daktari anayeondoka adhuhuri. Kijana alicheka sana. Kisha akasema kanuni ni kanuni: mashine zote ziko Kenya, zote zitasema Nairobi. Nikamwomba basi waibadilishe programu ichape saa ya watu kwenye kikaratasi, ni kazi ndogo. Akasema wataangalia katika toleo lijalo. Nimesikia kuhusu toleo lijalo tangu nianze kazi. Sijawahi kuliona.

"Rudisha," bosi aliniambia.

"Abti, kabla sijarudisha, mwambie huyu kijana ni nani aliyeibadilisha saa kwa mkono mara ya kwanza."

Alibonyeza simu haraka ikakatika sauti. Alinikemea kwa Kisomali, akanitajia mama yangu, akaniuliza kama hivyo ndivyo nilivyolelewa. Akasema nikichelewa kijana atakikata kituo leo hii, na lawama zitakuwa za yule mama. Hapo alinishika pabaya, na alijua. Nikaenda stoo, nikaweka agizo kwenye seva, na asubuhi iliyofuata Tarbaj ililichukua pamoja na viraka vyake na kurudi Kenya. Mkataba ukaongezwa. Bosi alinitangazia hilo kana kwamba ametoa zawadi ya sikukuu.

Haikupita wiki yule mama akanipigia. Nyuma yake nilisikia watu wakifoka, na kitu kikigonga bati la dirisha.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia."

"Mmoja amenirushia kikaratasi usoni. Mbuzi wake lori limewaacha. Kazi yangu umeniokolea, dada, asante. Sasa njoo uifanye wewe."

Akafunga dirisha, akaacha ufunguo kwa mlinzi, akaenda kwa dada yake Wajir. Bosi alipopata habari alisema, si unaona, nilikuambia hawa hawana bidii. Na kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine, na kwa kuwa alitaka niende mbali na macho yake, akanituma mimi nikakae Tarbaj mpaka apatikane karani mpya.

Nikawa mimi ndiye ninayeandikisha mbuzi. Niliwaambia watu kwa mdomo, kama alivyokuwa akiwaambia yeye. Nilisema kwa Kisomali, nikasema kwa Kiswahili, nikaonyesha jua kwa mkono. Na alasiri ya kesho yake mzee mmoja akaja na mbuzi wake wote, wamechoka, ndimi nje. Daktari alikuwa ameshaondoka. Mzee alinianza kwa Kiswahili, kama mtu anayezungumza na serikali.

"Karatasi iko sema saa tisa. Mimi nakuja saa tisa. Daktari iko wabi?"

Nikamjibu kwa Kisomali, nikimwita adeer kama tunavyowaita wazee, kwamba daktari ameondoka adhuhuri, saa ya karatasi si saa yetu.

"Mwezi ile naisha pita ilikuwa saa yetu," alisema, akikataa kutoka kwenye Kiswahili chake. "Bosi yako alikuja hapa, akatengeneza. Sisi tulichinja mbuzi kwa ajili yake. Alikula, akabigwa bicha. Nani aliharibu?"

Habari ya mbuzi yule sikuwa nayo. Bosi hakuwahi kuitaja, wala yule mama. Nilisimama pale dirishani nikamfikiria bosi akitafuna nyama na kupigwa picha, na kitu kikanipanda kifuani ambacho sikutaka tena kukishusha.

Nikampigia. Alipopokea tu na kusema haloo, nilipitisha mkono dirishani nikampa mzee simu yangu.

Mzee hakuhitaji kuelekezwa. Kwa Kisomali alikuwa mtu mwingine kabisa. Alimsalimia bosi kwa heshima zote, akamuulizia afya, familia na mvua, kisha akaanza. Watu waliokuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wakasogea ili wasikie, na kila aliyekuwa amekosa chanjo akaanza kupanga foleni nyuma yake kusubiri zamu ya simu. Mimi nikageukia kompyuta, nikafungua dirisha la amri, nikaandika jina la ule mji wa Argentina, na safari hii nikalizuia agizo la Garissa lisiweze kuligusa. Viraka vyote vilikuwa ndani, na Nairobi wakiuliza tena habari za Argentina, bosi ndiye atakayewajibu. Saa ya kona ikarudi tisa na dakika zake, kama ilivyotakiwa.

Kwa simu ya ofisi nikampigia yule mama Wajir.

"Rudi kazini," nilimwambia. "Mashine inasema saa za watu."

"Bosi amekubali?"

"Bosi anaongea na mzee," nilisema. "Na bado kuna foleni."